Kujalidi kitabu cha mfukoni kwa karatasi zilizotumika, kadi za boksi na leso kuukuu

Kitabu kinachojalidiwa Mombasa kina adui anayewatangulia wote, naye ni unyevu. Karatasi hunywa maji yaliyomo hewani ikavimba, kisha hukauka ikasinyaa. Gundi ya unga huota kuvu kabla ya kukauka, na kadi ya jalada hujipinda kama kigae. Miongozo mingi imeandikwa kwa watu wa nchi kavu na baridi, ndiyo maana mtu huifuata hatua kwa hatua na bado kitabu kikamtoka mkunjamano. Kwa hiyo hapa kila kipimo kimewekwa kwa kuangalia hali ya hewa ya pwani.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne za 18 na 19 misahafu ilinakiliwa kwa mkono na kujalidiwa kwa ngozi, na misahafu hiyo ilikaa miaka mingi katika hewa hii hii ya chumvi.

Tunachotengeneza ni kitabu cha kuandikia chenye urefu wa mm 148 na upana wa mm 105, yaani robo ya A4. Kina kurasa 160, kimeshonwa, na kina jalada gumu la leso, yaani kanga. Ukubwa huu haukuchaguliwa kwa sababu ya mfuko wa kanzu peke yake, na sababu kubwa zaidi itaonekana tukifika kwenye nyuzi za karatasi. Hatutengenezi karatasi mpya kwa kusaga za zamani. Karatasi ya kusaga isiyotiwa wanga hunyonya wino ukatawanyika, na katika majira ya masika huchukua siku nyingi kukauka. Karatasi nzuri tayari ipo mjini, inatupwa kila jioni.

Karatasi za kuokota na za kuacha

Unahitaji nusu-karatasi 40 za A4 (kila moja mm 210 kwa 148) ambazo ni safi pande zote mbili. Zipo katika sehemu tatu. Ya kwanza ni saiba na maduka ya fotokopi: ukurasa wa mwisho wa barua au mkataba mara nyingi una mistari michache tu juu, na nusu ya chini haina kitu mbele wala nyuma. Kata hapo, hiyo ni nusu-karatasi moja. Ya pili ni viwanda vidogo vya uchapaji, ambako vipande vya pembeni hubaki baada ya mashine kukata. Ya tatu ni madaftari ya shule mwisho wa mwaka. Hapa angalia pini za katikati. Mwanafunzi ambaye hakufika kwenye pini amekuachia karatasi nzima za ndani, safi kulia na kushoto. Aliyezivuka pini amekuachia nusu nusu, kwa sababu kila karatasi safi ya nyuma imeungana na iliyoandikwa ya mbele, na nusu hizo hazishoneki.

Usichanganye unene ndani ya kitabu kimoja. Karatasi ya printa huwa na gramu 80 kwa mita mraba, na ya daftari ni nyepesi zaidi. Ukiziweka pamoja, nyepesi itajikunja ndani ya nzito kila mvua inaponyesha.

Karatasi zenye nakala za vitambulisho, taarifa za M-Pesa au majibu ya hospitali ziache, hata kama nusu yake ni safi na umepewa bure. Ni mambo ya watu, na tangu 2019 Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi. Zenye aya za Kurani au maandiko mengine matakatifu zitenge zirudi kwa mwenyewe ajue la kuzifanyia, zisiishie kuwa kitambaa cha kufutia gundi. Gazeti pia liache kwa kurasa za kitabu, kwani hugeuka manjano upesi na kukatika. Lakini usilitupe, tutalihitaji kunyonya maji.

Mkondo wa nyuzi

Hili ndilo jambo ambalo wengi hawaambiwi. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala upande mmoja, kama majani ya mkeka. Ikipata unyevu haivimbi sawasawa: hutanuka sana kwa mapana ya nyuzi na kidogo sana kwa urefu wake. Kitabu kikiwa na nyuzi zinazokwenda sambamba na mgongo, karatasi hutanuka kuelekea nje na hakuna kinachoizuia. Nyuzi zikikatiza mgongo, karatasi hutaka kutanuka kwenda juu na chini, lakini uzi na gundi vimeishika. Matokeo yake ni kurasa zenye mawimbi kando ya mgongo, na hakuna uzito utakaoyanyoosha.

A4 ya kawaida huwa na nyuzi zinazofuata urefu wake. Ukiikunja mara moja kupata A5, nyuzi zinakatiza mgongo. Ukiikata katikati kwanza, kisha ukakunja kila nusu, nyuzi zinakwenda sambamba na mgongo. Ndiyo maana kitabu chetu ni robo ya A4.

Usiamini tu, pima. Kata kipande cha mraba cha sentimita 5, kilowanishe upande mmoja kwa kidole, kiache mkononi. Kitajiviringa kama bomba, na bomba hilo huelekea upande wa nyuzi. Kwa kadi, ipinde kwa upole huku na huku: inapokubali kupindika kwa urahisi, mstari wa mpindo ndio ulio sambamba na nyuzi. Kanuni ni moja kwa kila kitu kitakachoingia kwenye kitabu hiki, iwe karatasi, kadi au bitana ya leso: nyuzi zisimame kutoka kichwani hadi miguuni mwa kitabu.

Vifaa vya kuwa karibu

Rula ya chuma na kisu cha kukatia chenye wembe mpya. Msharasi wa fundi viatu, au sindano nene iliyochomekwa kwenye kijiti. Sindano ya kawaida yenye tundu refu. Uzi wa pamba, kama ule wa kufumia vitambaa vya makochi: uzungushe mara 10 kwenye penseli kwa kubanana, na ukizidi mm 4 ni mnene mno, utafurisha mgongo. Uzi wa nailoni wa viatu haufai, kwa kuwa huteleza na huikata karatasi kama waya. Kipande cha mshumaa au nta ya nyuki. Tepe mbili za kitambaa cha amerikani, kila moja mm 10 kwa mm 70. Bandeji ya pamba ya duka la dawa. Brashi ya inchi moja. Kijiko ambacho mpini wake hauna makali, cha kupigia mikunjo. Mbao mbili bapa na mtungi wa maji wa lita 20, ambao ukijaa ni kilo 20 na unatosha kabisa kuwa shinikizo.

Kukunja na kutoboa

Panga nusu-karatasi tano tano, uzikunje pamoja. Kila fungu la namna hiyo tuliite mkunjo, utapata minane. Kunja kwa kidole kwanza, hakikisha kona zimekutana, ndipo upige mpini wa kijiko mara moja kutoka katikati kwenda nje. Kusugua mara nyingi huacha mng'ao na kulegeza nyuzi. Iweke mikunjo yote chini ya mtungi usiku kucha. Mkunjo usiolazwa una hewa ndani, na hewa hiyo baadaye hugeuka mgongo mnene kuliko mdomo wa kitabu.

Kata ukanda wa kadi wenye urefu wa mm 148 uwe kigezo. Kuanzia juu, weka alama kwenye mm 12, 42, 53, 95, 106 na 136. Alama mbili za ncha, ya juu kabisa na ya chini kabisa, ni za mafundo. Jozi za katikati ndizo zitakazokumbatia tepe. Fungua mkunjo katikati, weka kigezo ndani ya bonde lake, toboa kwa msharasi ukielekeza ncha kwenye mstari wa mkunjo hasa. Tundu likipotoka hata milimita moja, karatasi ya nje itachanika pembeni ya mgongo. Andika kwa penseli namba ndogo juu ya kila mkunjo, na upande wa kichwa usigeuke.

Kushona

Kata uzi wa mita moja na nusu. Upitishe kwenye nta mara tatu: nta huzuia uzi usijisokote na huupunguzia kunywa unyevu. Bandika tepe mbili kwenye ukingo wa meza kwa selotepu, zisimame wima mahali pa jozi za matundu.

Mkunjo wa kwanza: ingia tundu la kwanza kutoka nje, acha mkia wa sentimita 8. Ndani, nenda tundu la pili, toka, pita juu ya tepe, ingia la tatu. Nenda la nne, toka, pita juu ya tepe ya pili, ingia la tano, kisha toka la sita. Weka mkunjo wa pili juu yake, ingia kwa tundu lake la sita, urudi kwa njia ile ile hadi utokee la kwanza. Hapo funga uzi na ule mkia kwa fundo mara mbili.

Mkunjo wa tatu unaingia la kwanza na kutoka la sita. Sasa, kabla ya kupanda mkunjo wa nne, pitisha sindano chini ya uzi unaounganisha mkunjo wa kwanza na wa pili, acha kitanzi kidogo, pitisha sindano ndani ya kitanzi hicho, vuta. Hilo ndilo fundo la mwisho wa safu, na litarudiwa kila unapofika ncha, daima ukishika mkunjo ulio chini ya ule uliotoka kuushona. Ukilisahau mara moja, kitabu kitafunguka kama mdomo mahali hapo.

Vuta uzi ukiuelekeza sambamba na mgongo. Kuuvuta kuelekea kwako ndiko kunakopasua matundu. Kaza kila unapomaliza mkunjo, kwani uzi uliolegea chini hauwezi kukazwa tena ukiwa juu. Lakini mkazo nao una kiasi: mgongo ukianza kujikunja kama upinde, umevuta mno.

Gundi mbili, kila moja na kazi yake

Gundi nyeupe ya seremala hukauka upesi na hubaki laini, hivyo ni ya mgongo. Gundi ya unga huteleza, hukupa muda wa kusahihisha, na ni ya kuunganisha karatasi na kadi. Ubaya wake ni maji mengi, kuvu, na kupendwa na mende.

Kwa gundi ya unga: chemsha karafuu sita katika mililita 250 za maji kwa dakika 5, zitoe. Koroga vijiko vitatu vya mezani vya unga wa ngano mweupe kwa maji baridi kidogo mpaka madonge yaishe, mimina maji ya karafuu huku unakoroga, pika kwa moto mdogo dakika 8 hadi 10. Iko tayari ikiacha weupe wa maziwa na kuanza kung'aa, nzito kama uji wa mgonjwa aliyepata nafuu. Ipoe, ichuje kwa chujio la chai. Gundi isiyoiva vizuri ina harufu ya unga mbichi na hubanduka ikikauka. Ndani ya friji hudumu siku tatu au nne. Mezani Mombasa, kesho yake imechacha. Karafuu huchelewesha kuvu, haziiondoi, kwa hiyo pika kidogo kidogo.

Kufunika jalada kwa leso, changanya sehemu mbili za gundi nyeupe na moja ya unga. Maji hupungua, na bado unapata dakika chache za kunyoosha.

Mgongo

Kwanza karatasi za mbele na nyuma, zile zitakazolala juu ya jalada kwa ndani. Pakiti za unga za kilo mbili zinafaa sana: ni karatasi imara, upande wa ndani hauna chapa. Zifungue, zipanguse kwa kitambaa kikavu hadi chembe ya mwisho, maana unga ukibaki utaita wadudu. Kata mbili za mm 210 kwa 148 ukizingatia nyuzi, zikunje upande usio na chapa uonekane wazi kitabu kikifunguliwa, kisha gandisha kila moja kwenye mkunjo wa kwanza na wa mwisho kwa ukanda wa gundi wa mm 3 tu kando ya mgongo.

Gonga kitabu mezani kwa kichwa na mgongo mpaka mikunjo isimame sawa. Kiweke kati ya mbao, mgongo ukitokeza mm 3, weka mtungi. Paka gundi nyeupe, isukume kwa kidole iingie kati ya mikunjo, kisha futa inayobaki juu. Bandika bandeji yenye urefu wa mm 125, itokeze mm 25 kila upande. Juu yake, ukanda wa karatasi wenye upana wa mgongo. Kipindi cha kaskazi masaa mawili yanatosha. Masika ngoja hadi kesho. Ukigusa mgongo ukauhisi baridi kuliko meza, bado una maji.

Kadi na leso

Boksi lenye mawimbi katikati liache, hata kama linaonekana nene. Hubonyea kwa kidole, na yale mawimbi ni nyumba za mende zilizokamilika. Tumia kadi bapa: migongo ya kalenda za ukutani, mafaili ya ofisi, boksi za sabuni ya unga. Kadi ya boksi la sabuni huwa na unene wa karibu nusu milimita, kwa hiyo nne zikigandishwa pamoja hufika mm 2. Upande unaong'aa ukwaruze kwa msasa, la sivyo gundi haitashika. Nyuzi za tabaka zote zielekee upande mmoja. Shinikiza siku nzima kabla ya kukata, maana kadi iliyokatwa mbichi husinyaa na vipimo vyako vinapotea.

Kata kadi mbili za mm 103 kwa 154: hutokeza mm 3 juu, chini na mbele. Kwa mgongo kata ukanda wa kadi moja nyembamba wenye urefu wa mm 154 na upana ulio sawa na unene wa kitabu ukijumlisha kadi zote mbili. Kitabu hiki kwa kawaida huwa na mm 9, hivyo ukanda ni mm 13. Pima chako kikiwa kimebanwa kidogo kwa mkono, si kilivyolegea.

Leso kuukuu ni bora kuliko mpya. Mpya ina wanga wa kiwandani unaokataa gundi, na rangi yake inaweza kuvuja. Kama ni vipande vipya kutoka kwa mafundi wa Mtaa wa Biashara, vifue mara mbili. Tafuta mahali pa kukata kabla ya kushika mkasi: mji wa leso, yaani sehemu yake ya katikati, una maua makubwa yanayopotea kwenye kitabu kidogo, wakati pindo lina nakshi ndogo zinazokaa vizuri. Jina la leso, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, likipatikana zima, lipange liangukie jalada la mbele. Jina lililokatwa katikati ya neno ni hasara ambayo hairudishiki.

Leso peke yake ni nyepesi na gundi itapenya hadi juu, iache madoa meusi yanayong'aa. Kwa hiyo itiliwe bitana. Kata leso ya sentimita 30 kwa 22, ipige pasi, ilaze kifudifudi juu ya kioo. Chukua A4 mbili, kata kila moja mm 150 kwa 220 ukifuata urefu wake, zipake gundi ya unga nyepesi, zilaze zikutane katikati kabisa, mahali patakapokuwa mgongo. Ungetumia karatasi moja iliyolala, nyuzi zingekatiza na jalada lingejipinda. Karatasi zilizochapwa upande mmoja zinafaa hapa: chapa itazame juu, mbali na leso. Ikauke palepale kwenye kioo.

Punguza iwe mm 275 kwa 194. Kwenye bitana chora mahali pa kadi, ukanda wa mgongo katikati, na nafasi ya mm 7 kila upande wake. Nafasi hiyo ndiyo bawaba. Ikiwa mm 4 jalada halitafunguka, ikiwa mm 10 kitabu kitaning'inia. Paka gundi, laza kadi. Kata kona za leso kwa mshazari ukiacha mm 4 kutoka ncha ya kadi. Ukikata karibu zaidi, kadi itachungulia. Kunja juu na chini kwanza, bana kona kwa ukucha, kisha kunja pande.

Kuvisha

Kiweke kitabu ndani ya jalada, kilingane pande zote. Ingiza karatasi ya kinga chini ya ile karatasi ya mbele, paka gundi tepe, bandeji, kisha karatasi nzima, haraka na nyembamba, ukianzia mgongoni kwenda nje. Toa kinga, funga jalada kwa mkono mmoja bila kusita, na usilifungue kutazama. Kulifungua likiwa bichi ndiko kunakozaa makunyanzi kwenye bawaba. Geuza, fanya upande wa pili.

Weka kipande cha plastiki ndani ya kila jalada ili maji yasiingie kwenye kurasa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, lakini plastiki ya kufungia mkate iliyofutwa inatosha. Juu na chini weka magazeti, kisha mbao, kisha mtungi. Badilisha magazeti baada ya saa moja, na tena baada ya saa nne, kwa sababu gazeti lililolowa halinyonyi tena. Acha siku mbili. Wakati wa masika, nne. Usikimbilie jua. Jua hukausha upande mmoja kabla ya mwingine, na jalada hufuata upande uliokauka.

Jalada likijipinda kuelekea ndani baada ya siku chache, karatasi ya ndani ilipakwa gundi nyingi mno ikatanuka kabla ya kubandikwa. Kama kupinda si kwingi, kirudishe kitabu kwenye shinikizo kwa wiki moja. Likijipinda kwenda nje, bitana ya leso ndiyo iliyolowa kupita kiasi.

Kiweke kabati lisilogusa ukuta, hasa katika nyumba za mawe za Mji wa Kale ambazo kuta zake hupandisha maji kutoka ardhini. Majani makavu ya mwarobaini nyuma ya vitabu husaidia kufukuza wadudu, yabadilishwe kila baada ya miezi miwili.

Zile zilizochapwa upande mmoja

Zitakubakia nyingi, nazo zina mshono wao. Kata A4 katikati, kunja kila nusu chapa ikiwa ndani, na panga 30 hivi ili mikunjo yote itazame mbele na ncha wazi zitazame mgongoni. Kurasa zote zinazoonekana zitakuwa tupu. Toboa matundu manne kwa mm 10 kutoka ukingo wa mgongo, kwenye mm 15, 54, 94 na 133. Shona kwa uzi wa sentimita 80: kila tundu lizungushwe uzi kwenye mgongo mara moja kabla ya kwenda la pili, na yale ya mwisho yazungushwe pia kichwani na miguuni, kisha rudi kujaza nafasi zilizoachwa. Kitabu hiki hakilali wazi mezani, kwa hiyo acha pambizo ya mm 25 upande wa mgongo unapoandika. Jalada lake liwe laini, la pakiti ya unga au leso yenye bitana, kwa sababu kadi ngumu itaukaza mshono mpaka kurasa za mwanzo zichanike.